Vyuma au alaina: kazi ya kunyoosha meno inafanywa na nani?

Mwanangu alipofika darasa la saba alianza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Chonge yake ya juu upande wa kushoto ilikuwa imeotea juu karibu na ufizi kwa kukosa nafasi, na meno ya mbele ya chini yalikuwa yamebebana. Nikaanza kuulizia. Mwalimu mwenzangu akaniambia vyuma vimepitwa na wakati, siku hizi kuna plastiki angavu ambazo hata mtu aliyekaa mbele yako hazioni. Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam akasema hizo plastiki ni biashara tu, hazisogezi kitu. Kwenye simu nako nikakutana na tangazo la seti ya kujinyooshea meno nyumbani: unaletewa mpaka mlangoni, daktari wa nini?

Tulikwenda kwa daktari. Mwanangu akavaa vyuma kwa miezi 22. Mimi, ambaye meno yangu ya chini yalikuwa yakijipinda taratibu tangu nilipovuka miaka thelathini, nikavaa alaina, ndizo zile plastiki angavu, kwa mwaka mmoja. Njia zote mbili zimepita ndani ya nyumba moja hapa Nyakato, Mwanza, na kuna jambo ninalotamani ningeambiwa siku ya kwanza. Watu hulinganisha vifaa hivi kwa kuonekana na kutoonekana. Mimi ningeanza na swali la nani anabeba kazi. Vyuma vimegandishwa kwenye jino, vinavuta usiku na mchana, upende usipende. Alaina inafanya kazi saa zile tu unapokuwa umeivaa. Ukilishika hilo, mengine mengi yanajieleza.

Jino linasogeaje

Wengi tunadhani jino limesimikwa kwenye taya kama nguzo kwenye zege. Lingekuwa hivyo, hakuna waya ambao ungelisogeza. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa nyuzi, unene wake karibu milimita 0.2. Nyuzi hizo ndizo zinazolishikilia jino, na ndizo zinazokustua ukitafuna punje ya mchanga kwenye wali. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokatika, upande unaobanwa seli huanza kuumung'unya mfupa, na upande unaoachwa wazi seli nyingine hujenga mfupa mpya. Jino linatembea huku mfupa ukibomoka mbele yake na kujengeka nyuma yake.

Aliyewahi kufunga mtumbwi ufukweni ameliona jambo hili kwa namna yake. Mti uliochomekwa kwenye mchanga uliolowa, ukiusukuma polepole, mchanga unaachia mbele na kujaa nyuma, na mti unabaki umesimama. Ukiutikisa kwa pupa, unabaki unacheza ndani ya shimo.

Mwendo wenyewe ni kama milimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana matibabu kamili huchukua mwaka mmoja hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na ndiyo maana simwamini anayeahidi kupanga meno yaliyobebana kwa wiki chache. Nguvu ikizidi, damu haifiki vizuri kwenye ule utando, jino halisogei haraka kama unavyotarajia, na ncha ya mzizi inaweza kuliwa ikafupika. Hili ni kweli kwa vyuma na ni kweli kwa plastiki. Mfupa haujui kama nguvu imetoka kwenye waya au kwenye alaina.

Kuna jambo hapa linaloninyima raha na siwezi kulipita. Wasichana ninaowafundisha huonyeshana video za kuziba mwanya kwa kufunga meno mawili ya mbele na raba ndogo ya nywele. Mwanya unaziba kweli, siku za mwanzo. Lakini mzizi wa jino umechongoka kama karoti, na raba iliyofungwa shingoni mwa jino haitulii hapo. Inateleza kuelekea kwenye ncha, inazama ndani ya ufizi usikoweza kuiona wala kuitoa, na inaharibu nyuzi na mfupa wote unaolizunguka jino. Jino zima, lisilo na tundu hata moja, linalegea na kung'oka. Kama umeshafunga raba na sasa huijui ilikokwenda, nenda hospitali leo na useme ukweli wote, kwa sababu raba kwa kawaida haionekani kwenye eksirei, na daktari asiyeambiwa atatafuta ugonjwa mwingine.

Na mwanya wenyewe si ugonjwa. Wengi wetu tunauhesabu kuwa uzuri, na ukimkuta bibi mwenye mwanya atakuambia ulivyomvutia babu. Uzuri wa meno umekuwa na sura nyingi kwenye mwambao huu wa ziwa: kule Rorya wazee wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini, na hiyo ikawa alama ya mtu aliyekomaa. Binti akipenda mwanya wake, hakuna daktari mwenye sababu ya kumlazimisha auzibe.

Vyuma

Fani hii ina zaidi ya karne. Mmarekani Edward Angle aligawanya aina za mkao mbaya wa meno mwaka 1899, na hadi leo daktari akiandika kwenye faili kwamba mkao ni wa daraja la kwanza, la pili au la tatu, anatumia mgawanyo ule. Kwa miaka mingi meno yalivishwa pete za chuma. Mwaka 1955 Michael Buonocore akaonyesha kwamba ganda la jino likipakwa asidi kwa muda mfupi linapata vitundu vidogo mno ambavyo gundi hung'ang'ania. Hapo ndipo pete zikaanza kuachwa, na zile braketi, vishikizo vidogo vya waya tunavyoviona leo, zikaanza kubandikwa moja kwa moja kwenye uso wa jino. Miaka ya 1970 ukaingia waya wa nikeli na titani, unaokumbuka umbo lake: unapindwa ili uingie kwenye braketi za meno yaliyokaa ovyo, nao unataka kurudi kwenye upinde wake wa awali. Ukirudi, unarudi na meno.

Siku mwanangu anafungwa vyuma niliruhusiwa kukaa pembeni. Hakukuwa na sindano wala ganzi. Alivishwa plastiki ya kutanua midomo, meno yakasuguliwa, yakakaushwa, yakapakwa jeli ya bluu, yakaoshwa. Kila jino lililooshwa lilibaki jeupe lililofifia kama chaki. Daktari alishika braketi kwa kibano, akaiweka katikati ya jino, akaisogeza kwa unywele mmoja, akaisogeza tena, kisha akaimulika kwa taa ya bluu. Usogezaji ule wa unywele mmoja ndio ninaoukumbuka zaidi. Braketi ikikaa upande, jino litakwenda upande, kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi wa vyuma inamalizika hapo, kabla waya haujaingia.

Maumivu hayakuja pale kitini. Yalikuja jioni, yakawa makali kesho yake, na siku ya tano yakawa yamekwisha. Alikunywa uji na kula sato wa kuchemsha aliyechambuliwa miiba. Baada ya hapo tulirudi kila baada ya wiki nne hadi sita kubadilishiwa au kukazwa waya, na kila tukirudi alikuwa na siku mbili za ukimya.

Alaina

Alaina ni kifuniko chembamba cha plastiki angavu kinachofinyangwa kulingana na meno yako, lakini kwa makusudi hakifanani nayo sawasawa. Meno ndani ya plastiki yamepangwa tofauti kidogo na yalivyo mdomoni, kama robo ya milimita kwa jino. Ukikivaa kinabana, na meno yanaufuata mpango wa plastiki. Siku saba hadi kumi na nne zikipita, unavaa kinachofuata, chenye robo milimita nyingine. Mimi nilipewa jozi 24 na nilibadilisha kila siku ya kumi.

Wazo la kusogeza meno kwa kifaa cha kuvaa na kuvua ni la zamani. Harold Kesling aliandika mwaka 1945 kuhusu kifaa cha mpira cha kumalizia kupanga meno. Kilichokosekana ni kompyuta ya kuchora kila hatua. Hiyo ilikuja na kampuni ya Align Technology, iliyoanzishwa California mwaka 1997, ambayo alaina zake zinajulikana kwa jina la Invisalign. Hataza zake za mwanzo, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, zilipoanza kuisha muda, karibu 2017, watengenezaji wengine waliongezeka, na ndiyo maana leo unasikia majina mengi.

Neno "zisizoonekana" linahitaji kupunguzwa makali. Kwa meno mengi daktari hubandika vinundu vidogo vya rangi ya jino ili plastiki ipate pa kushika. Mimi nilikuwa navyo saba. Wakati mwingine husugua kidogo sana kati ya jino na jino, sehemu ya milimita, kupata nafasi. Mwenye macho makali akikaa karibu ataona mng'ao. Wiki ya kwanza ulimi wangu uliteleza kwenye herufi "s", na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza walilisikia kabla sijamwambia mtu.

Kompyuta huonyesha video ya meno yako yakijipanga kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Inavutia sana, na inaweza kukudanganya bila mtu yeyote kukusudia kukudanganya, kwa kuwa ni mpango tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulipima meno baada ya matibabu na kukuta kwamba, kwa wastani, asilimia 41 ya mwendo uliopangwa ndio uliotokea kweli. Kundi hilohilo la watafiti lilipopima tena na kuchapisha mwaka 2020, plastiki na programu zikiwa zimeboreshwa, likakuta asilimia 50. Hii haina maana kwamba alaina hazifanyi kazi. Maana yake ni kwamba ukimaliza seti ya kwanza, mara nyingi unapigwa picha upya na kutengenezewa nyingine. Baada ya zile jozi 24 mimi niliongezewa tisa, na sikulipa zaidi kwa sababu nilikuwa nimeuliza mapema na jibu limeandikwa kwenye karatasi.

Meno yapi yanataka nini

Hapa ndipo daktari anapotakiwa kuongea na wewe usikilize, kwa kuwa kupenda kwetu hakubadilishi umbo la jino.

Alaina hushika vizuri kazi za kuinamisha: meno ya mbele yaliyobebana kidogo au kiasi, nafasi zinazotaka kufungwa, meno yaliyowahi kupangwa yakarudi. Kesi yangu ilikuwa ya aina hiyo. Zinapata shida zaidi kwenye jino la mviringo lililozunguka, kama magego madogo na chonge, kwa sababu plastiki inateleza juu ya mviringo kama mkono wenye mafuta kwenye mfuniko wa chupa. Zinapata shida kulivuta chini jino lililobaki juu. Na jino linapong'olewa ili kupata nafasi, kisha mizizi ya majirani itakiwe kusafiri ikiwa wima kuziba pengo, vyuma kwa kawaida hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi.

Mwanangu alikuwa na chonge iliyokwama juu, na alihitaji kung'olewa magego madogo mawili ya juu. Nilipouliza kuhusu alaina, daktari hakunibishia. Alinishika kidole, akakisukuma kwa kucha, akasema, "Mama, hii ni kuinamisha." Kisha akakishika kidole chote, akakivuta chini. "Mwanao anahitaji hii." Nikaelewa.

Kuna kesi ambazo kifaa chochote peke yake hakitoshi. Taya la chini likiwa mbele sana ya la juu kwa mtu mzima ambaye mifupa imeshaacha kukua, suluhisho linaweza kuwa upasuaji pamoja na vyuma. Kwa mtoto ambaye bado anakua, daktari anaweza kuongoza ukuaji wa taya, na ndiyo maana chama cha mabingwa wa fani hii cha Marekani kinashauri mtoto aangaliwe akiwa na miaka saba. Kuangaliwa si kufungwa vyuma. Wengi huambiwa wasubiri meno ya ukubwani yakamilike, kwenye miaka 12 au 13. Na mtu mzima hajachelewa. Kinachozuia ni ufizi mgonjwa, umri hauzuii.

Yapo pia mambo ya kwetu ambayo vipeperushi vya kigeni haviyataji. La kwanza ni "meno ya nailoni". Kuna watoto wachanga wenye homa na kuharisha ambao mganga aliwachokonoa ufizi na kutoa vijino laini vyeupe, akidai ndiyo ugonjwa. Vijino vile ni mbegu za chonge za utotoni. Mtoto huumizwa vibaya, wengine hupata maambukizi ya hatari, na anayepona anaweza kukua akiwa hana chonge au ana chonge iliyoharibika umbo. Mzazi akijua kwamba mtoto alifanyiwa hivyo, amwambie daktari, asione aibu, kwa kuwa mpango mzima wa nafasi unategemea meno yaliyopo chini ya ufizi. Mkasa wenyewe unastahili makala yake.

La pili ni maji. Waliokulia kwenye visima vyenye floraidi nyingi, Arusha, Singida, sehemu za Shinyanga na hata baadhi ya maeneo ya mkoa wetu, wanayajua meno yenye madoa ya kahawia. Ganda la jino la namna hiyo halikubali asidi na gundi kirahisi, kwa hiyo braketi hubanduka mara nyingi zaidi, na vinundu vya alaina navyo vivyo hivyo. Haizuii matibabu, ila daktari abadili namna ya kuliandaa jino, na wewe utegemee safari za ziada.

Kula, kunywa, kupiga mswaki

Mtu anayevaa vyuma Usukumani ana majaribu yake. Miwa haitafunwi. Mahindi ya kuchoma hupukuchuliwa kwanza. Karanga za kukaanga, mifupa ya kuku, barafu, vyote vinabandua braketi. Mwanangu alivumilia yote hayo miezi minne, kisha bibi yake akaja kutoka Magu na mfuko wa matobolwa. Mnayajua: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani mpaka vinagonga kama mbao. Alitafuna kimoja tu na chai. Nilisikia "kach" nikiwa jikoni, na braketi ya gego ikawa inaning'inia kwenye waya. Kubandikwa upya kulikuwa kazi ya dakika chache, lakini jino lile lilikuwa limepoteza wiki tatu za kuvutwa.

Alaina hazina masharti hayo, maana unazivua unapokula. Badala yake zina saa. Unatakiwa kuzivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Yaani kula, kunywa na kupiga mswaki vyote viishe ndani ya saa mbili, zikizidi nne. Chai ya moto inaweza kuipinda plastiki na kuitia rangi, kwa hiyo yale mazungumzo marefu ya chai ya saa nne pale stafu, kikombe mkononi, sikuyapata mwaka mzima. Kunywa soda huku umevaa ni kosa kubwa zaidi: sukari na asidi vinafungiwa kwenye jino na mate hayafiki kusafisha. Siku moja nilikwenda na wenzangu kula samaki karibu na gati la Kamanga. Nikavua alaina, nikazifunga kwenye tishu pembeni ya sahani. Nilipomaliza kunawa mikono, meza ilikuwa imeshafutwa. Nilichambua ndoo ya takataka, miiba na maganda ya ndimu, na sikuzipata. Tangu hapo kikopo chake hakitoki kwenye mkoba, na jozi iliyotangulia naitunza, kwa kuwa ndiyo niliyoambiwa niirudie wakati nikisubiri nyingine.

Kwenye usafi alaina zimewashinda vyuma waziwazi. Unavua, unapiga mswaki kama kawaida, unapitisha uzi. Vyuma vinashika chakula kila kona, na ukoga ukikaa kuzunguka braketi wiki baada ya wiki, ganda la jino linapoteza madini. Siku vyuma vinatolewa unakuta meno yaliyonyooka yenye miraba myeupe ya chokaa, na alama hizo haziondoki kirahisi. Mtoto asiyepiga mswaki bila kufokewa hayuko tayari kwa vyuma, hata kama pesa iko tayari. Lakini mtoto huyohuyo, ukimpa alaina, hatazivaa saa 22. Niliwahi kudhani alaina ni nafuu kwa kijana mzembe, na ni kinyume chake kabisa.

Neno fupi kwa wanaopiga tarumbeta kwenye bendi za makanisa: vyuma vitaikwaruza midomo yenu kwa ndani mpaka mzoee, semeni mapema. Wachezaji wa mpira na ngumi wavae kinga ya mdomo.

Umbali na pesa

Mwanza ina huduma za kawaida za meno Bugando, Sekou Toure na kwenye kliniki binafsi mjini, na uchunguzi wa kwanza, kusafisha na kuziba vinapaswa kuanzia huko. Mabingwa wa kupanga meno, hata hivyo, ni wachache nchini na wengi wao wako Dar es Salaam. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: atakayenihudumia ana mafunzo gani ya kupanga meno? Yupo hapa kila wiki au anakuja siku maalumu za mwezi? Waya ukichomoka Jumapili, nampigia nani? Madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kumwomba mtu namba yake ya usajili si utovu wa adabu.

Anayetoka Sengerema sasa ana nafuu. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Anayetoka Nansio au Ukara bado anategemea maji. Kwa mtu kama huyo alaina zina hoja nzuri: anaweza kupewa jozi kadhaa kwa mkupuo na kurudi baada ya wiki nane au kumi, na hakuna waya wa kumchoma shavu akiwa kisiwani. Akiwa na vyuma, awe na nta ya kufunikia ncha ya waya na aulize mapema afanyeje ikibidi kuukata. Lakini alaina zikipotea kisiwani, mpya zinatoka maabara ya mbali, na kusubiri kwake ni kwa majuma.

Bei sitazitaja, zinabadilika na kila kesi ina yake. Kwa kawaida alaina huwa ghali zaidi ya vyuma. Kilicho muhimu ni kujua namba uliyotajiwa imebeba nini: eksirei, kung'oa, ziara za kila mwezi, braketi zinazobanduka, seti ya nyongeza, na riteina za mwisho, yaani vifaa vya kuyazuia meno yasirudi yalikotoka. Watu hulipa awamu ya kwanza kwa furaha, kisha wanakwama mwezi wa nane waya ukiwa mdomoni. Vyuma visivyoangaliwa haviachi kuvuta, vinaendelea kusogeza meno bila msimamizi. Kama huna hakika ya kumaliza, usianze mwaka huu. Bima nayo iulize kwa maandishi kabla, usiichukulie kwamba italipa.

Zile seti za kuagiza kwa posta nazo zina historia ya kujifunzia. Kampuni ya SmileDirectClub ya Marekani, iliyoanzishwa 2014, ilikuwa ikituma alaina nyumbani kwa watu. Desemba 2023 ilifunga shughuli, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakaachwa hapohapo. Hata ingekuwa hai, hakuna picha ya simu inayoonyesha mfupa ulioliwa na ugonjwa wa ufizi, na kulisogeza jino ndani ya mfupa wa aina hiyo ni kulisindikiza nje.

Baada ya kutolewa

Hakuna kifaa kinachomaliza kazi siku kinapotolewa. Nyuzi za ufizi zilizovutwa zinaweza kuchukua karibu mwaka mzima kutulia, na muda wote huo zinayavuta meno kurudi yalikotoka. Baada ya hapo meno huendelea kusogea kidogo kidogo maisha yote, hata ya mtu ambaye hajawahi kuvaa chochote. Yangu yalijipinda hivyohivyo. Kwa hiyo kuna riteina: waya mwembamba unaobandikwa nyuma ya meno ya chini, au kifuniko angavu cha kuvaa usiku. Ukiuliza utaivaa mpaka lini, daktari mkweli atakujibu: kwa muda wote unaotaka meno yabaki yalivyo.

Mwanangu alipewa vyote viwili, waya chini na kifuniko juu. Miezi michache baadaye akaenda shule ya bweni, na kifuniko kikabaki kwenye droo ya kitanda chake hapa nyumbani. Alikuja likizo baada ya wiki tano. Usiku ule alikichukua, akakisuuza, akakisukuma kwa vidole gumba viwili. Upande wa kushoto kwenye ile chonge hakikukaa. Kilibaki kimeinuka, kama mfuniko wa sufuria nyingine. Nikampigia daktari, akasema akivae hivyohivyo usiku na mchana mradi kinaingia na hakimuumizi sana, na kisipokaa ndani ya wiki tuje. Siku ya kwanza alilalamika. Siku ya pili hakula nyama. Usiku wa nne nikiwa nasahihisha madaftari sebuleni nikasikia plastiki ikigonga mahali pake, akaja akafungua mdomo chini ya taa nikague.